Kihariri gani utumie kwenye Linux: nano, Vim, Emacs, Kate, Geany au VSCodium?

Anayehamia Linux kutoka Windows hasumbuki sana na mambo ya kila siku. Kivinjari ni kilekile, nyaraka zinafunguka kwenye LibreOffice, filamu zinacheza. Anakwama siku anapotakiwa kubadilisha mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, au kuandika programu yake ya kwanza ya Python. Akiuliza atumie kihariri gani cha maandishi, watu sita wanampa majina sita, na kila mmoja anamsihi aachane na mengine. Ushauri wa namna hiyo haumfikishi mbali, kwa sababu kila mshauri anazungumzia kazi yake na mashine yake. Msimamizi wa seva anayesifia Vim na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesifia Geany wote wanasema kweli.

Nimechagua sita zinazotajwa zaidi, zote za bure na zote za msimbo ulio wazi. Sublime Text imebaki nje kwa kuwa inauzwa na msimbo wake umefungwa. Notepad++ ni ya Windows. Atom nayo iliwahi kupendwa sana, lakini watengenezaji wake, GitHub, waliifunga tarehe 15 Desemba 2022, kwa hiyo ukikutana na mafunzo ya zamani yanayokuelekeza huko, yapite. LibreOffice Writer pia haimo: hiyo huhifadhi maandishi pamoja na fonti, rangi na pambizo, wakati faili la mipangilio au la programu linataka herufi tupu na si kingine.

## Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni mahali: je, programu inafanya kazi ndani ya terminali, yaani skrini ya kuandikia amri, kwenye dirisha la kawaida, au kote kuwili? Seva nyingi hazina madirisha kabisa. Unaingia kwa SSH, njia ya kuendesha mashine ya mbali kwa amri, unakuta skrini nyeusi, na hapo Kate au Geany za kwenye laptopu yako hazikusaidii moja kwa moja.

Cha pili ni kujifunza, yaani muda unaopita kabla hujaanza kufanya kazi bila kutafuta msaada kila dakika.

Cha tatu ni uzito, kwa maana mbili: kumbukumbu inayoliwa programu ikiwa wazi, na bando linaloliwa wakati wa kuisakinisha na kuisasisha. Kwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 4, na kivinjari kimefunguliwa pembeni, kigezo hiki kinaweza kuamua kila kitu.

Cha nne ni umeme ukikatika. Ulinganisho mwingi hauligusi jambo hili, nami naliona kubwa. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba, huzima papo hapo, na swali linalobaki ni je, yale uliyoandika tangu ulipohifadhi mara ya mwisho yapo au yamekwenda? Vihariri hivi vinatofautiana sana hapa. Kukatika kwa intaneti katikati ya kazi kwenye seva ya mbali ni ndugu wa tatizo hilohilo.

Cha tano ni kukua: programu inakubali kuongezewa uwezo kiasi gani kadiri kazi yako inavyopanuka.

## nano

Ilianza mwaka 1999. Chris Allegretta alitaka kihariri huria kinachofanana na Pico, kile kilichokuja na programu ya barua pepe ya Pine kutoka Chuo Kikuu cha Washington. Baadaye nano ikaingia kwenye GNU, mradi mkubwa wa programu huria. Leo Ubuntu na Debian huja nayo tayari, na Fedora iliifanya kihariri chake cha kawaida cha terminali kuanzia toleo la 33, mwaka 2020.

Mahali. Terminali tu.

Kujifunza. Dakika chache. Mistari miwili ya chini ya skrini inakuonyesha amri, na unachohitaji kujua ni kwamba alama `^` ni kitufe cha Ctrl na `M-` ni Alt. Ctrl+O kisha Enter huhifadhi, Ctrl+X hutoka, Ctrl+W hutafuta, Ctrl+K hukata mstari, Ctrl+U huubandika. Kutengua ulichokosea ni Alt+U, na hii ikariri mapema, maana mikono iliyozoea Ctrl+Z haitaifikia yenyewe.

Uzito. Hakuna nyepesi kuliko hii hapa. Kuipakua hakufiki megabaiti 1.

Umeme ukikatika. Hapa ndipo udhaifu wake ulipo. Mawasiliano ya SSH yakikatika, nano hujaribu kuandika kazi yako kwenye faili lenye mwisho wa `.save`. Umeme ukizimika ghafla, hakuna nafasi ya kufanya hivyo, na usichohifadhi kimepotea. Ukiweka `set backup` kwenye faili la `~/.nanorc` itakutunzia toleo lililotangulia la faili, lakini hilo si sawa na kutunza unachoandika sasa hivi.

Kukua. Kidogo. Utapata namba za mistari, rangi za lugha za programu na upana wa tabu unaoutaka. Viendelezi, yaani programu ndogo za kuiongezea uwezo, haina.

Anayefaidika. Mtu anayefungua faili la mipangilio mara mojamoja, anabadilisha, anahifadhi, anaondoka. Pia mtu yeyote ambaye ndiyo kwanza ameingia Linux.

## Vim, pamoja na Neovim

Bill Joy aliandika vi mwaka 1976 huko Berkeley, akitumia terminali ya ADM-3A. Kwenye kibodi ya terminali ile mishale ilichorwa juu ya herufi H, J, K na L, na ndiyo sababu hadi leo herufi hizo ndizo zinazosogeza kishale ndani ya Vim. Mholanzi Bram Moolenaar alitoa Vim mwaka 1991 na kuihudumia hadi alipofariki tarehe 3 Agosti 2023. Wengine wanaiendeleza.

Kuna jambo linalotuhusu huku kwetu. Ukifungua Vim bila faili, katikati ya skrini mara nyingi utasoma ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Halikuwekwa kama pambo. Mwaka 1994 Moolenaar alifanya kazi Kibaale, mji mdogo wa wilaya ya Rakai kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, kama mhandisi wa maji na usafi wa mazingira, katika eneo lililoumizwa vibaya na UKIMWI. Aliporudi kwao aliiacha Vim iendelee kuwa ya bure, akaomba anayeipenda achangie kituo cha watoto cha huko. Andika `:help iccf` usome maelezo yake mwenyewe.

Mahali. Terminali, na ipo pia ya dirisha iitwayo gVim. Sifa yake kubwa ni kwamba vi au Vim utaikuta karibu kwenye kila mashine ya Linux utakayoikalia, hata ile ambayo huna ruhusa ya kusakinisha kitu.

Kujifunza. Hapa pagumu, na afadhali niseme wazi. Vim ina hali mbili kuu. Ukiifungua uko kwenye hali ya amri, ambapo kila herufi ni agizo. Ukibonyeza `i` unaingia hali ya kuandika, na Esc inakurudisha. Asiyejua hili anabonyeza herufi, maandishi yanaruka, mistari inafutika, na hajui atokeje. Mwaka 2017 tovuti ya Stack Overflow ilitangaza kwamba swali la namna ya kutoka Vim lilikuwa limetazamwa zaidi ya mara milioni 1. Jibu ni Esc, kisha `:wq` kuhifadhi na kutoka, au `:q!` kutoka bila kuhifadhi.

Kwa nini basi watu wanavumilia? Tazama mfano mmoja. Una mstari usemao `BEI="15000"` na unataka kuweka bei nyingine. Kwenye vihariri vingi unasogea hadi mwisho wa namba, unafuta tarakimu moja moja au unaburuta kipanya kuzichagua, kisha unaandika. Kwenye Vim, kishale kikiwa popote ndani ya alama za kunukuu, unaandika `ci"`: maana yake badilisha kilichomo ndani ya alama hizi. Namba inaondoka, uko tayari kuandika mpya. Bei zikiwa nyingi, unashuka kwenye mstari unaofuata na kubonyeza nukta, nayo inarudia badiliko lilelile. Amri hizi zinaungana kama maneno kwenye sentensi: `d` ni futa, `w` ni neno, `dw` ni futa neno, `d3w` ni futa maneno matatu. Ukishaelewa mpangilio huu huhitaji tena kukariri.

Anza na amri `vimtutor`. Ni somo la karibu nusu saa linalofanyika ndani ya Vim yenyewe. Angalizo moja kwa wanaotumia Debian na Ubuntu: mara nyingi kilichosakinishwa awali ni `vim-tiny`, toleo lililopunguzwa. Ukibonyeza mishale ukiwa unaandika na zikatokea herufi A, B, C au D, si kibodi iliyoharibika. Sakinisha Vim kamili kwa `sudo apt install vim` na tatizo litaisha.

Uzito. Nyepesi sana. Itafanya kazi vizuri hata kwenye mashine ambayo kivinjari kinaikimbiza hadi kuchoka.

Umeme ukikatika. Hapa ni miongoni mwa bora. Vim hutunza faili la pembeni lenye mwisho wa `.swp`, ikiandika humo baada ya herufi 200 au ukitulia kwa sekunde 4. Umeme ukirudi na ukafungua faili lako, utakutana na ujumbe mrefu unaowatia wengi hofu. Bonyeza R ili kurejesha, kagua kama kazi yako imerudi, hifadhi, kisha futa lile faili la `.swp`, la sivyo ujumbe utaendelea kujitokeza. Ujumbe huohuo hutokea pia mwenzako akiwa amefungua faili hilohilo kwenye seva, kwa hiyo usome kabla hujabonyeza chochote.

Kukua. Bila kikomo unachoweza kukifikia haraka. Ukitaka mazingira ya kisasa ya kuandikia programu, Neovim, iliyojitenga na Vim mwaka 2014, hupangwa kwa lugha ya Lua na tangu toleo la 0.5 la mwaka 2021 ina uwezo wa ndani wa kuwasiliana na seva za lugha, zile zinazokuonyesha makosa na kukamilisha maneno unapoandika. Gharama yake ni muda: mtu anaweza kumaliza wiki nzima akipanga Neovim na asiandike mstari mmoja wa kazi yenyewe.

Anayefaidika. Msimamizi wa seva, na mwandishi wa programu anayeshinda kwenye kibodi siku nzima na yuko tayari kuwa mzito kwa wiki kadhaa ili baadaye awe mwepesi.

## Emacs

Mizizi yake ni maabara ya akili bandia ya MIT, mwaka 1976. GNU Emacs tunayoitumia leo iliandikwa na Richard Stallman katikati ya miaka ya 1980 na ni mojawapo ya programu za mwanzo kabisa za mradi wa GNU.

Mahali. Dirisha, na terminali pia kwa `emacs -nw`. Ina jambo zuri kwa wenye intaneti ya kusuasua: unaweza kufungua faili lililo kwenye seva ya mbali kwa njia ya SSH, ukalihariri ndani ya Emacs ya kwenye mashine yako, na mawasiliano yakahitajika unapohifadhi. Kuandika herufi moja na kusubiri iende na kurudi kunakwisha.

Kujifunza. Polepole, lakini kwa ugumu wa aina nyingine. Hakuna hali mbili. Unaandika tangu unapofungua. Ugumu ni amri za vitufe vingi: Ctrl+X kisha Ctrl+S kuhifadhi, Ctrl+X kisha Ctrl+C kutoka, na Ctrl+G kukatisha chochote ulichoanzisha kwa bahati mbaya. Somo la ndani hufunguliwa kwa Ctrl+H kisha `t`. Wengi huhamishia Ctrl kwenye kitufe cha Caps Lock ili kidole cha mwisho kisiumie, nami nakubaliana nao.

Uzito. Nzito kuliko Vim, makumi ya megabaiti kuipakua, ila kwa mashine za leo si mzigo.

Umeme ukikatika. Vizuri. Hujihifadhia nakala kila baada ya vibonyezo 300 au ukitulia sekunde 30, kwenye faili ambalo jina lake limezungukwa na alama za `#`. Amri ya `M-x recover-this-file` inairejesha.

Kukua. Emacs inapangwa kwa lugha yake, Emacs Lisp, na karibu kila kitu ndani yake unaweza kukigeuza. Viendelezi viwili vimewafanya watu wengi wahamie bila kujali mengine: Org, ya kupanga kazi, kuandika madokezo na hata tasnifu nzima kwenye faili la maandishi matupu, na Magit, inayofanya kazi ya Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili, ionekane na ieleweke.

Anayefaidika. Mtafiti, mwandishi, mwalimu, mtu anayependa kuishi ndani ya programu moja na kuitengeneza ifanane naye. Kama unachotaka ni kubadilisha mstari mmoja na kwenda zako, Emacs ni kubwa mno kwako.

## Kate

Mahali. Dirisha. Ni kihariri cha KDE, mojawapo ya mazingira ya madirisha ya Linux, kilichoanza mwishoni mwa mwaka 2000, na kinapatikana pia kwa Windows na macOS. Kwenye mazingira ya KDE kinaweza kufungua faili la seva ya mbali kwa anwani ya `sftp://`.

Kujifunza. Karibu hakuna cha kujifunza kwa aliyetoka Windows. Ctrl+S, Ctrl+C, Ctrl+V na Ctrl+Z zinafanya kile unachotarajia. F4 hufungua terminali chini ya dirisha hilohilo. Ukitamani vitufe vya Vim, Kate inayo hali ya vi ndani yake. Ni mahali pazuri pa kujaribia bila kujifungia.

Uzito. Wastani. Kama unatumia KDE, sehemu kubwa ya inachohitaji ipo tayari. Kwenye mazingira mengine kama GNOME au Xfce itavuta maktaba nyingi za KDE, hivyo angalia ukubwa ambao programu ya kusakinishia, `apt` au `dnf`, inakuonyesha kabla hujakubali.

Umeme ukikatika. Nzuri mno. Mipangilio ya awali huandika faili la pembeni, `.kate-swp`, kila sekunde 15. Ukifungua tena, utepe unakuuliza kama unataka kurejesha, kutazama tofauti kwanza, au kutupa. Kutazama tofauti kwanza ni msaada mkubwa kwa aliyesahau alikuwa amefika wapi.

Kukua. Ina viendelezi vyake, inazungumza na seva za lugha, inafungua miradi ya Git. Hifadhi yake ya nyongeza ni ndogo ukilinganisha na ya VSCodium.

Anayefaidika. Mtu anayetaka kihariri kimoja cha dirisha kwa madokezo, mipangilio na programu ndogo na za kati. Naona Kate haitajwi inavyostahili kwa sababu tu wengi huanza na Ubuntu, inayokuja na GNOME.

Kwa kazi nyepesi zaidi ya hii, kile kihariri kidogo kilichokuja na mashine yako kinatosha: GNOME Text Editor, iliyochukua nafasi ya gedit kwenye GNOME 42 mwaka 2022, Mousepad ya Xfce, au xed ya Linux Mint. Usisakinishe kitu ili tu kuandika orodha ya simu.

## Geany

Mahali. Dirisha, kwenye Linux, Windows na macOS. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 2005.

Kujifunza. Siku moja. Uzuri wake uko kwenye vitufe vitatu: unaandika programu ya C, F8 inaikusanya, F9 inaijenga, F5 inaiendesha kwenye terminali. Ukikosea, kosa linaandikwa chini, na ukilibofya unapelekwa kwenye mstari wenyewe. Upande wa kushoto kuna orodha ya funksheni zako. Mwanafunzi anaona mzunguko wote wa kazi bila kupotelea kwenye mipangilio.

Uzito. Megabaiti chache kuipakua, na kumbukumbu inayokula ni ndogo. Inafunguka mara moja hata kwenye mashine ya miaka mingi.

Umeme ukikatika. Yenyewe haikulindi mpaka uiambie. Nenda kwenye meneja wa viendelezi, washa Save Actions, kisha uchague kuhifadhi kila baada ya muda fulani. Fanya hivyo siku ya kwanza.

Kukua. Kwa kiasi. Miradi mikubwa yenye mafaili mamia itaanza kuhisi ufinyu.

Anayefaidika. Mwanafunzi wa programu, mwalimu mwenye maabara ya kompyuta za zamani, na yeyote anayeandika C, Python au PHP kwenye mashine isiyo na nguvu.

## VSCodium

Hapa lazima nianze na leseni, maana ndipo penye mkanganyiko. Microsoft ilitoa Visual Studio Code mwaka 2015, na msimbo wake uko wazi kwa leseni ya MIT. Lakini programu unayoipakua kwenye tovuti ya Microsoft ina leseni tofauti, isiyo huria, na hutuma taarifa za matumizi. VSCodium ni msimbo uleule ukiwa umejengwa bila nyongeza hizo, na utumaji wa taarifa ukiwa umezimwa.

Mahali. Dirisha.

Kujifunza. Rahisi kuanza, na mafunzo ya mtandaoni ya VS Code karibu yote yanafanya kazi hapa.

Uzito. Ndiyo nzito kuliko zote. Imejengwa juu ya Electron, yaani ndani yake kuna kivinjari kizima cha Chromium. Kuipakua kunakaribia megabaiti 100 au zaidi, na masasisho huja mara kwa mara, kila moja ikidai bando lake. Ukiongeza viendelezi na kivinjari pembeni, RAM ya gigabaiti 4 itaelemewa. Gigabaiti 8 inapumua.

Umeme ukikatika. Vizuri. Hutunza akiba ya mafaili usiyoyahifadhi na kuyarudisha ukifungua tena. Unaweza pia kuwasha kuhifadhi kwenyewe.

Kukua. Hakuna inayoishinda kwa wingi wa viendelezi vilivyo tayari. VSCodium huvichukua Open VSX, hifadhi inayosimamiwa na Eclipse Foundation. Vingi unavyovijua vimo, lakini baadhi ya vile vya Microsoft, kama Pylance ya Python na vile vya kufanyia kazi mashine ya mbali, vina leseni inayoviruhusu kwenye bidhaa za Microsoft peke yake. Kama kazi yako inategemea hivyo, jua hilo kabla hujahama.

Anayefaidika. Mtu wa tovuti, JavaScript na TypeScript, mwenye mashine yenye nguvu, anayefanya kazi na wenzake wanaotumia VS Code na kushirikiana mipangilio ileile.

## Kuhusu tahajia ya Kiswahili

Anayeandika Kiswahili ndani ya vihariri hivi asivumilie mistari myekundu chini ya kila neno. Kwenye Debian, Ubuntu na Fedora kuna kifurushi cha `hunspell-sw`, kamusi ya tahajia ya Kiswahili, na Kate huitumia moja kwa moja baada ya kuchagua lugha. Emacs pia inaweza kutumia Hunspell. Vim ina faili lake: andika `:set spell spelllang=sw`, nayo itakuuliza kama ilipakue. Kamusi hizi hazijui maneno yote, hasa vitenzi vyenye viambishi vingi, lakini zinakamata makosa ya vidole.

## Kulingana na hali yako

Ndiyo kwanza umeanza Linux na unafuata maelekezo ya kurekebisha kitu: tumia nano kwenye terminali na kihariri kilichokuja na mashine yako kwenye dirisha. Usiongeze mzigo wa Vim wiki hiyohiyo unayojifunza `sudo`, amri ya kupata mamlaka ya msimamizi.

Unasimamia seva, au unatarajia kazi ya namna hiyo: jifunze Vim kiasi cha kufungua, kutafuta, kubadilisha, kuhifadhi na kutoka, hata kama nyumbani unapenda kingine. Siku utakapowekwa mbele ya mashine ya mteja isiyo na nano, ujuzi huo mdogo utakutosha. Pia fungua kazi zako ndani ya `tmux`, programu inayoziacha zikiendelea kwenye seva, ili SSH ikikatika urudi ulipoishia, kihariri chochote kile.

Unasoma programu kwa laptopu ya mtumba ya gigabaiti 2 au 4: Geany, na uwashe Save Actions. Kama unatumia KDE, jaribu Kate pia kwa kuwa ulinzi wake dhidi ya umeme hauhitaji kuwashwa.

Unatengeneza tovuti, mashine ina gigabaiti 8 au zaidi na bando si tatizo: VSCodium. Kama timu yako inategemea viendelezi vya Microsoft, zungumzeni mapema kama mtakubali leseni ile au mtatafuta mbadala.

Unaandika tasnifu, mitihani, au madokezo ya miaka: mpe Emacs na Org nafasi ya haki, mwezi mzima, kwa kazi ya kweli. Ukiona vitufe vinakuumiza, Kate na faili za kawaida zitakufikisha.

Unafanya kazi kwenye kompyuta ya mezani mahali umeme unapokatika bila taarifa: kwenye terminali chagua Vim kabla ya nano, na kwenye dirisha Kate au VSCodium kabla ya Geany isiyopangwa. Jaribu mwenyewe kabla ya kuamini. Fungua faili lisilo na thamani, andika aya moja bila kuhifadhi, subiri nusu dakika, kisha uue programu kwa `kill -9` na uifungue tena uone kilichorudi.

Ukishaamua, iambie mashine. Kwenye Debian na Ubuntu ni `sudo update-alternatives --config editor`, kwa Git ni `git config --global core.editor` ikifuatiwa na jina la kihariri, na kwa programu nyingine weka `export EDITOR=nano`, au jina ulilochagua, kwenye `~/.bashrc`.